Muulize Mpiga Picha: Chumba kizuri, picha kama stoo

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka kwa watu wa gesti, loji na hoteli ndogo, nadhani kwa sababu masika inaelekea kuisha na kila mtu anajiandaa na wageni wa Juni. Basi nimeamua niweke za vyumba peke yake, za harusi na ubatizo zisubiri toleo lijalo, msininunie.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi nina loji ndogo ya vyumba 8 hapa Rau, Moshi, nimeijenga kwa kiinua mgongo cha marehemu mzee na vyumba ni visafi kabisa. Mtoto wa mdogo wangu alikuja akapiga picha kwa simu yake, simu ya bei si ya mchezo, lakini kila picha imetoka ya njano kama imemwagikiwa chai, na dirishani ni kweupe pee huoni hata mti. Wageni wakifika wanasema chumba ni kizuri kuliko picha. Je ninunue kamera? – *Mama mwenye loji, Rau*

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kamera usinunue, hiyo hela nunua balbu, ntakwambia kwa nini.

Huyo mtoto aliingia chumbani akafanya kile tunachofanya wote mgeni akija, akawasha taa zote. Shida ni kwamba macho yetu yanatudanganya, ukikaa chumbani dakika mbili ubongo unakwambia shuka ni nyeupe hata kama taa ni ya njano, kamera haina huo ubongo, inachukua rangi kama ilivyo au inabahatisha. Siku ukienda dukani shika boksi la balbu uligeuze, utaona namba inayoishia na K, hizo ni Kelvini, yani rangi ya mwanga. Balbu ya njano ya kawaida ni kama 2700, ile nyeupe inayoelekea kwenye ubluu ni 6500, na jua la mchana linaloingia dirishani ni kama 5500. Sasa chumba chako kimoja kina taa nyeupe darini, taa mbili za njano pembeni ya kitanda, na moja ya hizo iliungua ukamtuma kijana kwa mangi hapo jirani akaja na yoyote aliyoikuta, halafu dirisha nalo linaleta rangi yake. Kamera inaweza kunyoosha rangi moja tu kwa mara moja. Ikinyoosha ya taa, dirisha linageuka bluu, ikinyoosha ya dirisha, ukuta unageuka njano kama ulivyoona.

Kwa hiyo zima taa. Zote, mpaka ya chooni ambayo mwanga wake unatokea mlangoni. Fungua mapazia mazito, yale mepesi meupe yaache yamefungwa kama jua linapiga moja kwa moja, fungua kama halipigi. Chumba kitaonekana cha giza machoni pako na hapo ndo watu wengi wanakata tamaa wanarudi kwenye swichi, usirudi. Giza hilo ni la macho tu, kamera ikitulia ina uwezo wa kukaa inakusanya mwanga sekunde nzima au mbili na picha ikatoka nyeupe vizuri, ila lazima itulie na mkono wa binadamu hautulii hivyo. Kwa hiyo inatakiwa tripodi. Kama huna, hotelini kuna kitu kizuri sana ambacho hakuna anayekifikiria, meza ya kupigia pasi, ile inapanda na kushuka, unaiweka urefu unaotaka, unaegesha simu kwenye kikombe au vitabu juu yake, unaweka taima ya sekunde 3 ili usiitikise kwa kidole, unatoka mbio.

Hilo la dirisha kuwa jeupe ni jambo lingine. Nje mchana kuna mwanga mara nyingi sana kuliko ndani, na kamera haiwezi kuona vyote viwili sawasawa kama jicho. Ukiipimia ndani, nje panaungua. Ukiipimia nje, ndani panakuwa shimo. Dawa ni kupiga picha zaidi ya moja bila kusogeza simu hata kidogo, moja ya kawaida, moja ya giza kwa ajili ya dirisha, moja ya mwanga mwingi kwa ajili ya pembe za chumba, halafu zinaunganishwa. Mwenye kamera anaiambia ipige 3 zenyewe, moja chini kwa stopu 2 (kila stopu ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili), moja katikati, moja juu kwa stopu 2, na programu kama Lightroom inazichanganya. Simu za siku hizi nyingi zinafanya hiyo kazi zenyewe ukiwasha HDR, ila uisaidie kidogo, bonyeza kwa kushikilia pale dirishani mpaka ijifunge halafu vuta kidole juu taratibu mpaka ndani paonekane. Na pia chagua muda. Saa 6 mchana kwetu jua liko utosini, mwanga wote uko nje kwenye kokoto, ndani hauingii. Saa 2 mpaka saa 4 asubuhi au saa 9 mpaka saa 11 jioni tofauti ya nje na ndani inapungua na kazi inakuwa nyepesi.

Ila mwanga mtamu kuliko wote kwa vyumba, kwa maoni yangu na watu wananibishia, ni ule wa Juni na Julai pale mawingu yanapolala Moshi na Arusha asubuhi nzima na kila mtu amevaa sweta analalamika baridi. Wingu linageuza anga lote kuwa taa moja kubwa laini, hakuna mstari wa jua unaokata kitanda katikati, hakuna kivuli cheusi chini ya meza. Mimi siku kama hizo napiga simu kwa wateja wangu wenyewe bila kusubiri wanitafute.

Sasa balbu. Ukitaka taa za pembeni zionekane zimewaka, maana kweli zinaleta joto fulani kwenye picha, nunua balbu za aina moja kwa loji nzima, zote 2700 au zote 3000, na upige jioni jua likishazama. Kwetu karibu na ikweta jua linazama kama saa 12 na nusu na giza linaingia haraka, una kama dakika 20 ambazo dirisha limekuwa bluu tulivu na taa za ndani zinapendeza. Kwa dakika 20 unapiga chumba kimoja, ukikazana viwili. Usipange nane.

Na kitu cha mwisho kwako mama, kama vyumba vina sakafu nyekundu ile ya saruji ya kung'arishwa. Niliwahi kupiga nyumba moja ya wageni Marangu miaka ya nyuma nikiwa najifunza, vyumba vyote kwa siku moja, jua la saa 3 linaingia safi sakafuni, nikajisifu. Kufika nyumbani kwenye kompyuta dari zote zina rangi ya waridi, shuka zina rangi ya waridi, mpaka mito. Jua lilikuwa linapiga sakafu nyekundu na sakafu inarusha wekundu wake juu kama mtu ameweka taa nyekundu chini. Nilirudia kazi yote bure na nauli ilitoka mfukoni kwangu. Siku hizi natembea na shuka mbili nyeupe kwenye begi, natandika pale jua linapoanguka nje ya fremu, wekundu unakufa.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko mapokezi kwenye hoteli moja huku Sakina Arusha. Bosi alileta jamaa wa picha ana lenzi ya waidi, vyumba vyetu vya kawaida tu vimetoka kama ukumbi wa harusi, kitanda kirefu kama boti. Sasa mgeni akifika akafungua mlango anageuka ananiangalia mimi, wengine wanasema nimewapa chumba siyo. Bosi anasema ndo biashara. Nimwambieje? – *Wa mapokezi, Sakina*

JIBU: Marahaba dada, pole sana, yani mwenye makosa amekaa ofisini na maneno unayapokea wewe.

Mwambie bosi kwa lugha ya pesa ndo ataelewa. Picha ya uongo inaleta mgeni mara moja, ila mgeni huyo huyo akilala usiku mmoja anaandika maoni yake mtandaoni kwamba chumba ni kidogo kuliko picha, na hayo maoni yanakaa pale kuliko picha yenyewe. Bora chumba kionekane kilivyo na mgeni akifungua mlango aseme ah kumbe ni hiki hiki.

Halafu huyo jamaa wa picha mpe hizi. Kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) lenzi ya milimita 24 inatosha kwa vyumba vingi, ikibidi sana 16 kwenye vyumba vidogo, maana namba ikishuka lenzi inakuwa pana zaidi, chini ya hapo vitu vya pembeni ya picha vinaanza kuvutwa kama mpira, ndo hiyo boti yako. Kwenye simu ile lenzi ya 1 ni kama milimita 24 mpaka 26, na ile ya 0.5 kwenye simu nyingi ni kama milimita 13, ambayo ni pana kupita kiasi, na mara nyingi sensa yake ni ndogo kwa hiyo ndani inatoa chengachenga. Kama chumba kinakulazimisha kutumia ya 0.5 basi ipige halafu ukate pembeni, kila kitu kinachovutika kinakaa pembeni. Kisiwekwe kitu cha duara kwenye kona, wala taa, wala sinia la matunda, wala mtu Mungu wangu, mtu akikaa kwenye kona ya lenzi hiyo kichwa kinakuwa papai.

Kingine asimame vizuri. Wengi wanasimama mlangoni simu iko usoni wanainamisha kuangalia kitanda, hapo kuta zinaachama juu zinabana chini na chumba kinapata umbo la ndoo. Wakiinua juu kinakuwa hema. Kamera isiinamishwe, iwe imenyooka kabisa kama maji kwenye beseni, na kama unaona dari limekuwa kubwa kwenye picha shusha kamera yenyewe, usishushe pua yake. Urefu mzuri ni kati ya kitasa cha mlango na kifua cha mtu mzima, mita 1 na nusu isizidi. Ukiipandisha kitanda kinalala kama mkeka, ukiishusha sana huoni juu ya meza. Washa ile mistari ya gridi kwenye simu, linganisha na ukingo wa mlango au wa kabati. Ikikosea kidogo Snapseed ni ya bure ina sehemu ya kunyoosha kuta, ila inakula pembe za picha kwa hiyo uache nafasi.

Na usipige kila chumba kwa kukichukua chote. Picha moja ya kuta mbili ukisimama kwenye kona inaonyesha ukubwa wa haki, nyingine piga kitanda uso kwa uso, nyingine meza na kiti karibu na dirisha. Mgeni anajenga chumba kichwani mwake mwenyewe.

SWALI: Kaka mkubwa mambo vipi, mimi ndo naanza kazi ya picha hapa Kijenge. Bafuni ndo pananishinda, kidogo, kioo kikubwa, taili zinang'aa, kila picha mimi nimo na begi langu mgongoni. Wenzangu wanafanyaje? – *Dogo wa Kijenge*

JIBU: Poa mdogo wangu. Wenzako nao wamo, ila wameshajifunza kujificha.

Kanuni ya kioo ni moja, wewe ukiiona lenzi ndani ya kioo basi lenzi nayo inakuona wewe. Kwa hiyo usikisimamie mbele, sogea pembeni mpaka kioo kionyeshe ukuta au mlango, na vaa nguo nyeusi maana utasahau tu. Kama bafu ni dogo huna pa kusogea, simama nje kabisa kwenye korido, kamera iguse fremu ya mlango, weka taima na wewe ondoka. Kamera bado inaonekana? Chukua karatasi ikunje mara nne, chomeka nyuma ya kioo upande mmoja, kioo kinageuka nyuzi mbili tatu tu lakini kinatosha kuangalia kwingine. Huu ujanja nilifundishwa na fundi rangi, siyo na mpiga picha.

Flashi ya moja kwa moja bafuni usithubutu, taili zitarudisha doti jeupe usoni kwako. Kama unayo flashi ielekeze darini dari likiwa jeupe, mwanga unashuka laini. Dari la mbao usijaribu, linarudisha rangi ya mbao. Kuna kioo cha duara cha kupachika mbele ya lenzi, wenyewe wanaita polaraiza, ukikizungusha kinapunguza mng'ao kwenye taili, meza za mbao na vioo vya madirisha, ni hela nzuri kuitumia ila kwa kioo cha kujitazamia hakisaidii na kinakula mwanga kidogo.

Urefu wa kamera bafuni ni juu kidogo tu ya sinki, ili uone juu ya sinki bila kuona uvungu wake wenye bomba. Halafu vitu vidogo ambavyo mteja hatakwambia: kifuniko cha choo kishushwe, ndoo na kopo vitoke, brashi ya choo itoke, matone kwenye kioo cha shawa yakaushwe kwa gazeti, sabuni iwe mpya, karatasi ya chooni iwe nzima. Mimi naingia na kitambaa kikavu kabla ya kutoa kamera. Dakika 10 za kitambaa zinaokoa saa nzima ya kompyuta. Na chumbani hivyo hivyo, angalia televisheni iliyozimwa, nayo ni kioo, nimeshapeleka kazi kwa mteja mimi nikiwa nimechuchumaa ndani ya tivii.

SWALI: Chandarua kifungwe au kifunguliwe kwenye picha? Tunabishana hapa kazini. – *Wahudumu, Usa River*

JIBU: Kama ni cheupe, safi na hakina kiraka, kifungue upande mmoja na ukifunge upande mwingine na kamba yake, kinapendeza na mzungu anafurahi kukiona maana ameshaambiwa habari za malaria kabla hajapanda ndege. Kama ni kile cha bluu cha kliniki, kitoe kabisa kwa muda wa picha lakini piga na picha nyingine ndogo inayoonyesha chandarua kipo, usimfiche mtu. Na msikining'inize katikati kama fundo la kitunguu juu ya mto, kila picha ya Tanzania ina lile fundo.

SWALI: Ndugu mwandishi, nina hoteli Shanty Town, vyumba vinne vya juu vinaona mlima kabisa. Tatizo kila siku mpiga picha akija mlima haupo, mawingu. Kijana mmoja ameniambia anaweza kuuweka mlima dirishani kwa kompyuta, amenionyesha mfano, inapendeza. Ni sawa? – *Mwenye hoteli, Moshi*

JIBU: Ndugu, inategemea ameutoa wapi huo mlima.

Ngoja nikupe kisa kwanza. Niliwahi kuonyeshwa picha ya chumba cha Moshi, dirishani Kilimanjaro inawaka theluji, nzuri kweli, ila Mawenzi, kile kilele kifupi chenye meno, iko kushoto ya Kibo, kile kirefu chenye theluji. Mtu yeyote aliyekulia Moshi anajua ukisimama mjini ukaangalia mlima unaangalia kaskazini na Mawenzi iko kulia. Kuiona kushoto mpaka uwe Amboseli, Kenya, upande wa pili wa mlima. Yani yule kijana alichukua picha ya Kenya akaibandika dirishani Moshi, na kwa ukubwa aliouweka ungedhani mita zote 5,895 zimepaki kwenye bustani. Mpagazi tu anaangalia anacheka, sembuse mgeni aliyekuja kupanda.

Lakini kuunganisha picha mbili zilizopigwa kutoka dirisha lile lile, kamera ile ile, hiyo mimi naona ni haki, mlima ni wako na uko pale. Fanya hivi. Wapiga picha wanakuja saa 4 wakishakunywa chai, na saa 4 mlima umeshavaa blanketi. Mlima unajitokeza alfajiri, saa 12 na nusu mpaka saa 2 hivi, na wakati mwingine tena jioni kabla ya jua kuzama. Mwambie alale hapo hapo hotelini, chumba kimoja hakitakufilisi, aache tripodi imesimama dirishani usiku kucha na alamu saa 12. Mlima ukitoka apige mbili bila kugusa kitu, moja ya mlima, moja ya chumba, halafu azishone. Zikitoka mwanga wa asubuhi ile ile rangi zinaongea lugha moja, haigombani kama zile za kubandika ambapo chumba ni cha jioni na mlima ni wa mchana.

Na mwezi nao una maana. Dirisha linaloangalia mlima ni dirisha la kaskazini. Kuanzia kama katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua letu la mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo upande wa mlima unaotuangalia sisi unakuwa kivulini kivulini. Desemba, Januari na Februari jua liko kusini, linakuwa mgongoni kwa mpiga picha na linauwasha mlima usoni, theluji inaonekana na mabonde yanaonekana, na Januari na Februari anga huwa safi zaidi. Kwa hiyo ule mwanga wa Juni niliousifia kwa Mama wa Rau ni wa vyumba, kwa mlima ni sumu. Ukiweza mlete mara mbili kwa mwaka. Ukishindwa, subiri Januari kwa vile vyumba vinne vya juu tu, vilivyobaki vipigwe Juni.

Kitu kingine nikukumbushe, osha vioo vya dirisha nje na ndani siku moja kabla. Vumbi la Moshi huwa hulioni mpaka jua la asubuhi liingie kwa ubavu, hapo kioo kizima kinageuka ukungu na mlima unaonekana kama uko ndani ya maziwa. Au fungua dirisha kabisa, nondo za dirisha ziingie kwenye fremu kama kawaida, usizifute kwa kompyuta, mgeni atazikuta.

SWALI: Picha zangu za ndani zikiwa na taa za LED zinatoka na mistari myeusi ya kulala, simu mbovu? – *Msomaji, Njiro*

JIBU: Simu nzima. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na taa za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila wewe kuona, simu ikipiga haraka sana inazikuta ziko nusu. Nenda kwenye mpangilio wa kitaalamu wa simu, weka spidi ya kupiga picha iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari inapotea. Ikikataa, zima taa utumie dirisha, narudi kule kule.

SWALI: Kaka naanza kupiga vyumba vya loji, nitoze kwa picha au kwa siku? – *Mpiga picha, Majengo, Moshi*

JIBU: Kwa chumba. Ukitoza kwa picha mteja anakwambia piga mbili tu na kazi inakuwa mbaya halafu jina linaharibika ni lako, ukitoza kwa siku anakuongezea jiko, bustani na mbwa. Chumba kimoja kikipangwa vizuri kinakula saa nzima na kompyuta inakula nyingine, hesabu zote mbili. Chukua nusu mapema, na muandikiane hata kwenye meseji picha zitatumika wapi, maana utaziona siku moja kwenye bango la kampuni ya safari barabarani na hujapata hata soda.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa vyumba, nikitandika huwa natengeneza bata wawili wa taulo wamebusiana na maua ya waridi juu ya kitanda. Mpiga picha aliwatoa nikaumia. Alikuwa sahihi? – *Dada wa vyumba, Arusha*

JIBU: Dada yangu alikuwa sahihi ila angekuomba kwa heshima. Bata wale wanapendeza mlangoni kwa mgeni aliyechoka na safari, kwenye picha wanakaa katikati ya kitanda macho yote yanaenda kwao, na mgeni anayechagua chumba cha kazi peke yake anadhani ni chumba cha fungate akaruka. Kazi yako inayoonekana kwenye picha ni nyingine kabisa, ni shuka isiyo na mkunjo. Pitisha pasi ikiwa imeshatandikwa kitandani, kuna mistari ile ya kukunjwa kabatini ambayo jua la pembeni linaichora kama barabara, vuta kona mpaka zikaze, mito isimame. Hiyo mpiga picha hawezi kuifanya hata awe na kamera ya milioni kumi. Bata warudishe saa ya mgeni kuingia.